Ya Kale Tuyaenzi, Tusiyaabudu

Ukipita jioni katika mitaa ya Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, hutakosa kuwasikia wazee barazani wakiyasifu mambo ya zamani. Huisifu Landrova iliyopanda milima ya tope bila kunung'unika, huzisifu karabai za wavuvi, na zaidi ya yote huisifu meli ya Liemba. Vijana huwasikiliza huku wakicheka, simu mikononi, na kusema kuwa ya kale yamekwisha kazi. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepotoka kidogo, na upotofu huo si wa kupuuzwa, maana unagusa usalama na riziki ya watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Tuanze na Liemba. Meli hii haikuja kwetu kama zawadi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa reli, ambayo ilifika huko mwaka 1914. Iliposhushwa ziwani mwaka 1915 ilipewa jina la Graf von Goetzen, gavana yule yule aliyetawala wakati wananchi walipouawa kwa maelfu katika Vita vya Majimaji. Kilikuwa chombo cha vita cha mabeberu. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe kabla ya kukimbia, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe.

Kilichoifanya meli hiyo iwe ya wananchi ni kazi yake. Kwa miongo mingi ilichukua wakulima, wachuuzi na wanafunzi kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikipita Kalya, Ikola, Kipili na Kasanga. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Kongo. Mei 2015, ikiwa na umri wa miaka mia moja, iliwatoa Warundi waliokwama Kagunga.

Hapa pana fundisho. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iling'olewa, zikawekwa injini za dizeli. Meli haikupoteza heshima kwa sababu hiyo. Mabaharia na mafundi walioihudumia walitaka ifike salama na kwa wakati, na kifaa kilichozuia hayo walikiondoa bila kukililia.

Lakini wako wanaoipenda Liemba kwa namna nyingine. Wageni kutoka Ulaya wamekuja na kamera zao kutazama abiria wakipandishwa melini kutoka katika mitumbwi katikati ya maji, kwa kuwa vituo vingi havikuwa na gati. Kwa mgeni, hiyo ni picha ya kupendeza. Kwa mama mjamzito anayepanda usiku, mawimbi yamechafuka na mtoto mwingine yuko mgongoni, hiyo ni hatari ya roho. Hatuwezi kuyaacha maisha ya mwananchi yawe makumbusho ya mtu mwingine. Meli iliposimama kwa miaka kadhaa, watu wa mwambao walibaki na maboti ya mbao. Mgonjwa wa Kalya anayetaka kufika hospitali ya Kigoma haulizi chombo kina umri gani. Auliza kitaondoka lini, na kama kitafika.

Basi, je, kila kipya kipokelewe kwa vigelegele? La hasha! Tutazame karabai. Taa hiyo ilimla mvuvi fedha nyingi kwa mafuta ya taa, na kioo chake kilipasuka kwa tone la maji. Taa za betri na za nguvu za jua zimempunguzia mzigo huo, nasi twazikaribisha. Lakini taa iliyo bora haiongezi dagaa ziwani. Mwaka 2024 Serikali ililazimika kulifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Chombo kipya kisicho na nidhamu mpya humaliza kile kile kilichokusudiwa kuvunwa.

Tutazame pia Landrova. Wazee wana sababu moja ya haki ya kuilia: fundi wa mtaani aliifahamu yote. Aliifungua chini ya mwembe, akaifunga, ikaenda. Gari la leo likizima, aghalabu lahitaji kompyuta ili ijulikane linaumwa nini. Fundi asiyefundishwa kuitumia amenyang'anywa ufundi wake, na gari limekuwa bwana wake. Tukisikiliza vizuri, twaona kwamba wazee hawalilii chuma. Wanaulilia uwezo wa kukitawala chuma.

Jambo hili litazidi kuwa kubwa. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini mwaka 2022. Wako watakaolikumbuka kwa huzuni gari moshi la zamani na vituo vyake vya usiku. Twawaelewa. Lakini mkulima wa michikichi hawezi kuambiwa asubiri mabehewa kwa sababu wengine wanapenda mlio wake.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Chombo kisipimwe kwa umri wake. Kipimwe kwa wanaohudumiwa nacho na kwa mikono inayoweza kukitengeneza. Liemba ienziwe, na pamoja nayo ziwepo meli mpya na magati ya kutosha. Reli mpya ije, na vijana wa Kigoma wafundishwe kuiendesha na kuitengeneza, wasiishie kubeba zege. Wazee nao wawaachie vijana urithi ulio bora kuliko masimulizi, yaani ule ujasiri wa kuifungua mashine bila woga.