Nairobi yajengea magari huku watembeao kwa miguu wakisahauliwa

KABLA ya jua kuchomoza, maelfu ya vibarua huondoka Kibera na Mukuru kwa miguu kuelekea viwandani jijini Nairobi. Hawatembei kwa kupenda mazoezi, wala kwa hofu ya kuchafua mazingira. Hutembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingemeza sehemu kubwa ya ujira wao wa siku.

Watu hawa si wachache. Inakadiriwa kuwa karibu safari nne kati ya kila 10 jijini hufanywa kwa miguu, na nyingi za zilizosalia hufanywa kwa matatu. Wenye magari ya kibinafsi ni wachache, lakini wao ndio wanaofikiriwa kwanza barabara zinapojengwa.

Jiji lenyewe linakua kwa kasi. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi milioni 3.1, na ile ya 2019 ikapata milioni 4.4. Idadi hiyo haihesabu wanaolala Rongai, Kitengela, Ruiru na Mlolongo, ambao huingia jijini kila asubuhi kutafuta riziki.

Kwa miaka mingi jibu la serikali limekuwa kupanua barabara. Barabara Kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012 baada ya kugharimu zaidi ya Sh30 bilioni. Mwanzoni ilileta afueni, lakini haukupita muda kabla ya foleni kurejea pale inapokutana na barabara za katikati mwa jiji. Barabara pana huwaalika watu wanunue magari, na magari hayo huijaza tena.

Mwaka 2022 ikafuata barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa ya juu, ambayo madereva huilipia. Anayemudu ada hupita angani kwa dakika chache. Asiyemudu hubaki chini, na atembeaye hutafuta pa kuvukia kati ya nguzo zake. Si ajabu kwamba wapita njia ndio huongoza katika orodha ya wanaouawa na ajali za barabarani nchini.

Si kwamba mipango imekosekana. Mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeao kwa miguu, waendesha baiskeli na uchukuzi wa umma. Mwaka 2017, serikali kuu iliunda NaMATA, mamlaka ya kusimamia uchukuzi wa Nairobi na kaunti jirani. Njia tano za mabasi ya mwendo kasi, maarufu kama BRT, zikapewa majina ya Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati.

Mistari myekundu ilichorwa katika Barabara ya Thika na ujenzi wa vituo ukaanza. Hata hivyo, kufikia mwaka 2025 mabasi yenyewe yalikuwa hayajaanza kubeba abiria.

Dar es Salaam ilitangulia. Mabasi yake ya mwendo kasi yalianza kazi Mei 2016 katika njia ya takriban kilomita 21, na yakapunguza sana muda wa safari kati ya Kimara na Kivukoni. Lakini hata huko, uhaba wa mabasi umewaacha abiria wakisongamana vituoni, na karakana ya Jangwani imewahi kufurika maji mara kadhaa. Funzo ni kuwa njia bila mabasi ya kutosha na usimamizi thabiti ni saruji tu.

Nairobi nayo ilipata funzo lake Desemba 2018, matatu zilipozuiwa kuingia katikati mwa jiji bila abiria kuandaliwa usafiri mbadala. Wazee, wagonjwa na wanafunzi walilazimika kutembea mwendo mrefu, na agizo hilo likasitishwa upesi. Wenye matatu hawawezi kufukuzwa kwa amri. Sharti washirikishwe katika mfumo mpya, kwani ndio wanaobeba umma leo.

Upande wa mazingira, Kenya iliahidi mwaka 2020 kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Nchi ina bahati kwa kuwa umeme wake mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ndiyo maana mabasi ya umeme, yaliyoanza kuonekana Nairobi mwaka 2022, yana maana hapa kuliko katika nchi zinazochoma makaa ya mawe. Lakini basi la umeme lililokwama kwenye foleni limekwama tu.

Ukweli ni kuwa wakazi wengi wa Nairobi tayari huchafua hewa kidogo mno, kwa sababu ya umaskini. Swali ni watafanya nini wakipata fedha kidogo zaidi. Kibarua wa Kibera ambaye kila siku huponea chupuchupu kugongwa na lori, mshahara ukiongezeka atakopa anunue pikipiki, na baadaye gari lililotumika kutoka Japani. Hakuna atakayemlaumu.

Akipata kijia salama chenye taa, na basi linalofika kwa wakati kwa nauli nafuu, huenda asione haja ya gari hilo. Uamuzi wake, na wa mamilioni kama yeye, ndio utakaoamua hewa ya jiji hili miaka 20 ijayo. Asilimia 20 iliyoahidiwa mwaka 2015 ingekuwa mwanzo mwema.