Riziki Karibu, Kura Mbali

Mtu akiambiwa kwamba katika jimbo la Kansas, lililo kitovuni mwa Marekani, watu wa asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa 13 katika kila 100 kwa sensa ya mwaka 2020, huenda akadhani kwamba wametawanyika sawasawa kama chumvi ndani ya wali. Dhana hiyo ni batili. Katika kaunti ya Smith, mpakani kaskazini, hawafiki hata watano katika mia. Ilhali katika kaunti ya Seward, pembe ya kusini magharibi, wao ni takriban theluthi mbili ya wakazi wote, na katika Ford wamekwisha kupita nusu.

Sababu yake ni kazi. Wahenga wao waliletwa na reli ya Santa Fe mwanzoni mwa karne ya 20, wakatandika mataruma juani. Lakini wingi wa leo umefuata nyama. Mnamo Desemba 1980 kampuni ya IBP ilifungua machinjio makubwa huko Holcomb, karibu na Garden City, kwa kuwa ng'ombe wananoneshwa palepale kwa nafaka inayonyweshwa maji ya ardhini. Wenyeji hawakutosha, wala si wengi walioitamani kazi ya kusimama katika baridi kutwa nzima, kisu mkononi, mizoga ikipita mbele yako mmoja baada ya mwingine, nawe ukikata mkato uleule hadi vidole vife ganzi. Wakaja Wameksiko, wakaja Wavietnamu, na baadaye hata Wasomali waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya, wote kwa kufuata kisu hichohicho.

Basi mahali ambapo jasho lao lapokewa kwa mikono miwili, je, sauti yao yapokewaje? Mwaka 2018 mji wa Dodge City, makao makuu ya Ford, wenye wapigakura wapatao 13,000, ulikuwa na kituo kimoja tu cha kura; nacho, kwa udhuru wa ujenzi, kikahamishwa nje ya mji, zaidi ya maili moja kutoka kituo cha basi kilicho karibu. Uchaguzi wenyewe ni Jumanne, siku ya kazi. Haikuwa ila baada ya kesi kufikishwa mahakamani ndipo ikaahidiwa kuwa kitaongezwa kituo cha pili.

Simtuhumu mtu kwa nia yake, kwani ya moyoni ayajua Mola. Ila insafu haipimwi kwa nia, hupimwa kwa masafa. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na miji ile imepona, hali jirani zake nyingi zinapungukiwa na watu mwaka hata mwaka. Tena wengi wa hao wanaoitwa wageni wamezaliwa papo hapo. Kaunti inayojua kumfikisha mtu machinjioni kabla ya alfajiri haishindwi kumfikisha kwenye sanduku la kura.