Amri Iliyochelewa: Foleni ya Ujumbe na Elimu ya Takwimu

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni, mwaka 1967, Vita vya Siku Sita baina ya Israeli na nchi za Kiarabu vikiwa vimepamba moto, Wakuu wa Majeshi ya Marekani waliamuru meli yao ya kunasa mawasiliano, USS Liberty, isogee mbali na pwani ya Sinai kwa umbali wa maili 100. Amri hiyo haikuifikia meli kwa wakati. Mchana wake ndege na mashua za torpido za Israeli ziliishambulia. Watu 34 waliuawa na 171 wakajeruhiwa. Israeli ilisema ilidhani ni meli ya adui, ikaomba radhi, na wapo walionusurika ambao hawakulikubali kamwe jibu hilo. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Swali letu ni moja: amri ilikuwa wapi?

Ilikuwa kwenye foleni. Ujumbe mmoja ulielekezwa kimakosa hadi kituo cha Ufilipino, upande mwingine kabisa wa dunia. Nyingine zilikwama katika vituo vya kupokezana. Hata ilipopigwa simu ya mdomo, makao ya wanamaji huko Ulaya yalisubiri maandishi yafike kwanza. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyochunguza mawasiliano ya kijeshi ilitoa lawama kali mwaka 1971. Wala dola hilo halikuwa na upungufu wa mitambo.

Katika majeshi mengi ujumbe hupewa ngazi nne, tangu ule wa kawaida hadi ule wa dharura unaopita mbele ya zote. Utaratibu huu ni mzuri hadi pale kila ofisa anapoona shauri lake ni la dharura. Maombi ya mablanketi yakiandikwa dharura, taarifa ya shambulio haina tena mahali pa kupita.

Mtu aliyetufungulia macho katika jambo hili hakuwa askari. Agner Krarup Erlang, mwanahesabu wa Kidenishi aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuchapisha hesabu za simu zinazofika bila mpango. Kutokana na elimu hiyo twaweza kusema hivi juu ya mtambo mmoja unaopokea ujumbe wenye urefu mbalimbali kwa nyakati zisizotabirika. Tuseme kutuma ujumbe mmoja huchukua wastani wa dakika 2. Mtambo ukishughulishwa kwa asilimia 50 ya uwezo wake, ujumbe husubiri wastani wa dakika 2. Kwa asilimia 80, dakika 8. Kwa asilimia 90, dakika 18. Na kwa asilimia 95, dakika 38. Mkuu wa kituo anayejivuna kuwa mtambo wake haupumzika hata kidogo, kwa hakika anatangaza kuwa amri zake huchelewa.

Tena wastani wenyewe ni shahidi wa kuhojiwa. Ujumbe 9 ukikabidhiwa kwa dakika 2 kila mmoja, na wa kumi kwa dakika 102, wastani ni dakika 12, na taarifa ya mwezi itasomeka vizuri. Lakini doria iliyokuwa ikiungoja ule wa kumi haikuokolewa na wastani.

Siku hizi kazi hii hufanywa na kompyuta: programu hupokea ujumbe, huuhifadhi, huupanga katika foleni, na huufuta pindi anayepelekewa anapothibitisha kuwa ameupata. Uthibitisho ukipotea njiani, ujumbe hutumwa tena, na hapo amri moja yaweza kutekelezwa mara mbili kama kila ujumbe hauna namba yake ya pekee. Ule unaoshindikana kabisa huwekwa kando katika foleni ya waliokwama. Na foleni hiyo isipokaguliwa kila zamu, haina tofauti na kaburi. Mashine haikuondoa kosa la 1967. Imelifanya liwe la kasi zaidi.

Kwa hiyo msimamizi wa mitambo hii hatoshi kufundishwa vibonyezo tu. Hapana budi ajue kuhesabu: ujumbe mangapi hufika kwa saa, saa zipi huzidi, ule uliochelewa kuliko yote ulichelewa kwa sababu gani, na ni sehemu gani ya ujumbe wa dharura iliyostahili jina hilo. Kazi hii bado hutazamwa na wengi kama ya karani, nafasi ya kumpa askari asiyefaa gwaride. Mafunzo yake hayahitaji kungoja mitambo mipya. Kwa kituo chochote kinachoandika daftari la zamu vizuri, saa ya kupokea na saa ya kukabidhi zimo katika kila mstari. Mwanafunzi aanze na kurasa za mwezi uliopita, penseli mkononi, atoe saa moja katika nyingine, kisha aipange tofauti toka ndogo hadi kubwa na kuanza kuuliza maswali kutokea chini ya ukurasa.