Barua ya Sifa Haiandikwi na Msifiwa

Alinijia kijana mhandisi, mtumishi wa mamlaka ya maji katika mkoa mmoja wa bara, kompyuta yake kwapani na uso umemjaa haya, akaniomba nimsaidie kuitunga barua ya kujisifu mwenyewe. Alikuwa akiomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi katika chuo kikuu cha Marekani, masomo ambayo yote husomwa kwa intaneti; fomu alikwisha kuijaza, transkripti alikwisha kuiambatanisha, ada ya maombi alikwisha kuilipa, na kilichosalia kilikuwa barua tatu za mapendekezo, ambazo mkuu wake wa kazi na walimu wake wawili wa zamani, kila mmoja kwa wakati wake na kana kwamba wamekula njama, walimjibu neno moja: "Andika mwenyewe, niletee nitie sahihi."

Sikumwandikia. Nilimweleza kwa upole kuwa neno shahada, kabla halijawa karatasi ya chuo yenye muhuri, asili yake ni ushahidi, na kwamba mtu atiaye sahihi yake chini ya maneno asiyoyatunga, juu ya sifa ambazo hakujishughulisha kuzipima, ametoa ushahidi wa uongo hata ikiwa kila sifa iliyotajwa humo ni ya kweli. Desturi hii imeenea katika ofisi zetu na vyuo vyetu kiasi cha kwamba hakuna aonaye aibu tena kuitaja hadharani, na mimi naiona kuwa ni dhuluma anayofanyiwa kijana na mtu yule yule ambaye ilimpasa amshike mkono.

Wapo wanaodhani kuwa uhandisi usomwao kwa mbali ni jambo la juzi, lililozaliwa na maradhi ya korona, lisilo na nasaba wala hadhi. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1967 chuo kikuu cha Colorado State kilianza kuyarekodi masomo yake ya uhandisi katika kanda za video na kuyapeleka viwandani, ili wahandisi wasome shahada ya uzamili pasipo kuziacha kazi zao. Mwaka 1969 Stanford ikayarusha mafundisho yake kwa televisheni hadi katika makampuni ya jirani. Na mwaka 2014 Georgia Tech, iliyoko Atlanta, ikaanza kufundisha uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa intaneti kwa ada ambayo jumla yake haikufika dola 7,000. Tangu mwanzo, basi, masomo haya yalikusudiwa mtu aliye kazini, na ndiyo sababu wanaopokea maombi hawatosheki kujua mwombaji amesoma nini, bali hutaka kujua anafanya nini, na nani amemwona akifanya. Mtu ambaye hawatamwona uso, pengine hadi siku ya mahafali, watamjuaje ila kwa kinywa cha shahidi?

Yako mambo ambayo mwombaji akiyakosea hana wa kumlaumu. Vyuo vikuu vya Tanzania hupima wastani wa alama kwa kipimo cha 5, ilhali kule Marekani kipimo aghalabu ni 4. Wastani wa 3.8, ambao kwetu ni daraja la pili la juu, ukiandikwa bila ya kutajwa kipimo chake husomeka huko kana kwamba ni wa mtu aliyekaribia ukamilifu, na mwombaji anyamazaye hapo amedanganya kwa kunyamaza. Majina nayo, ambayo katika cheti ni mawili na katika pasipoti ni matatu, yapatanishwe mapema kwa hati ya kiapo. Kabla ya kulipa karo aiulize Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo itatambuliwa hapa, na ajue pia kuwa somo lifundishwalo Atlanta saa kumi na mbili jioni humfikia mtu wa Dar es Salaam saa saba usiku, au saa nane, kwa kufuata majira ya mwaka.

Nikamwomba kijana anisomee maelezo ya kusudio lake. Alikuwa ameandika kuwa tangu utotoni aliupenda uhandisi, maneno ambayo hata mimi nisiye mhandisi ningeweza kuyaandika. Nikamwuliza kazi iliyomsumbua kupita zote, na hapo ndipo macho yake yalipowaka. Akanisimulia habari ya pampu moja iliyokuwa ikila impela zake, yale magurudumu yanayosukuma maji, tatu katika mwaka mmoja, chuma kikitoboka-toboka kama kilichotafunwa na mchwa, na wakubwa wakilitupia lawama duka lililoziuza, hata yeye alipopima akagundua kuwa wakati wa kiangazi mto ulishuka mno chini ya pampu, maji yakawa yanafanya vipovu vya mvuke kwenye mlango wa kuingilia, na vipovu hivyo vilipopasuka ndivyo vilivyokuwa vikikiguguna kile chuma. Pampu ikateremshwa, na tangu hapo haijabadilishwa impela. Nikamwambia, andika hayo.

Kisha nikamwuliza ni nani aliyekuwapo usiku ule walipoiteremsha. Akanijibu, kwa sauti ya chini, kuwa alikuwapo mkuu wake wa kazi, na tochi ameishika yeye.

Mtu aliyeishika tochi ndiye anayesema kuwa hana la kuandika! Najua udhuru utolewao: kazi ni nyingi, Kiingereza cha barua ni kigumu, waombaji hawaishi kuja. Walakini barua inayotakiwa haihitaji ufasaha. Yahitaji kusema nilikuwapo, niliona hili, na huyu ndiye aliyelitambua. Aya tatu za namna hiyo huandikika katika muda wa kunywa chai, na uzito wake hauwezi kulinganishwa na kurasa mbili za sifa tupu ambazo kijana amejivisha mwenyewe kwa kunakili, na ambazo wasomaji wazoefu huzitambua upesi, hasa barua tatu zinapokuja na mtindo mmoja wa uandishi, kana kwamba zimetoka katika kalamu moja, kama ilivyo kweli.

Ewe mhandisi mkuu, nawe mwalimu wa chuo, kijana wako akikujia na ombi hili, ikiwa humjui au kazi yake hukuiridhia, mwambie wazi na kwa heshima ili amtafute mwingine siku zingalipo. Ikiwa wamjua, muulize siku ya mwisho ni lini, kisha keti uiandike kwa mkono wako.