Aliyebaki Nyumbani

Filamu zinazohusu familia kukutana sikukuu karibu zote humfuata mtu aliye safarini. Tunakutana naye uwanja wa ndege au barabarani, tunasikia shida zake, tunamhurumia, na anapobisha hodi kwao sisi tumeshakuwa upande wake. Waliomo ndani tunawapokea jinsi yeye anavyowaona: mama msemaji, baba aliyezeeka ghafla, dada mwenye uso wa kununa. Toleo hili la Desemba tumelitenga kwa ajili ya filamu hizo, na mimi katika ukurasa huu nataka kumtetea huyo dada.

Naanza na Home for the Holidays ya mwaka 1995, kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi. Ni filamu ya pili ya Jodie Foster kama mwongozaji, baada ya Little Man Tate ya 1991. W. D. Richter aliandika skripti kutokana na hadithi fupi ya Chris Radant, na picha zilipigwa Baltimore, mji uleule ambamo kisa kinatokea. Claudia Larson, anayechezwa na Holly Hunter, amefukuzwa kazi ya kukarabati michoro katika jumba la makumbusho huko Chicago. Ana mafua, koti lake limepotea, na binti yake amekataa kuandamana naye. Katika hali hiyo anapanda ndege kwenda kwa wazazi wake kula Sikukuu ya Shukrani.

Sikukuu hii Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Abraham Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, na Bunge likaithibitishia siku yake kwa sheria mwaka 1941. Haidai zawadi, na si lazima mtu aende kanisani. Kiini chake ni mlo, bata mzinga mezani na jamaa kuizunguka meza. Kwa mwandishi wa filamu, sikukuu hiyo ni neema. Watu wasioelewana wanakaa bega kwa bega kwa saa kadhaa, visu viko mkononi, na hakuna anayeweza kuinuka akaondoka bila kuulizwa.

Mezani hapo kwa mama Adele (Anne Bancroft) na mzee Henry (Charles Durning) yupo pia Tommy, kaka yake Claudia, aliyetoka Boston na rafiki yake Leo Fish. Robert Downey Jr. anamcheza Tommy kama moto usiotulia. Yupo Glady, dada yake Adele, mwanamke mpweke ambaye katikati ya chakula anafichua mapenzi aliyoyaficha miaka yote kwa shemeji yake Henry, na namna Geraldine Chaplin anavyolitamka hilo, kwa furaha ya mtoto, inamfanya mtazamaji acheke kisha aone haya kwa kucheka. Na yupo Joanne, dada yao.

Joanne, anayechezwa na Cynthia Stevenson, amekuja na mumewe Walter, watoto wawili, na bata mzinga wake mwenyewe aliyepikwa nyumbani kwake. Hilo la bata wa pili watu hulicheka. Mimi naliona ni jambo zito. Kumletea mama yako kitoweo ambacho yeye amekipika tangu alfajiri ni kusema kwa sufuria kile ambacho mdomo umeshindwa kukisema: kwamba na mimi nina nyumba, na mimi ni mtu mzima, nitazameni. Tommy anapokata nyama, bata anateleza na kumwangukia Joanne mapajani, nguo yake yote ikaloa mafuta. Wengine wanacheka. Hapo ndipo anapolipuka na kutoa siri mbele ya wazazi: Tommy amefunga ndoa na mwanamume mwenzake, Jack, katika sherehe ufukweni, na wazee hawakuambiwa. Wakati huo hakuna jimbo lolote la Marekani lililokuwa likisajili ndoa ya namna hiyo. Massachusetts ililifungua daftari lake mwaka 2004. Kwa hiyo siri aliyoitupa mezani haikuwa ndogo, na ukatili wake haufutiki. Baadaye Walter na Tommy wanakamatana mwilini huko nje, na mzee Henry anawaachanisha kwa kuwamwagia maji ya mpira kama anayezima moto.

Kama filamu ingeishia hapo, Joanne angebaki kuwa kinyago cha dada mwenye wivu. Foster hakuridhika. Anamtuma Claudia nyumbani kwa Joanne, anamkuta juu ya mashine ya mazoezi, na kwa dakika chache mambo yanasemwa bila mzaha. Joanne anamwambia Claudia kwamba wangekuwa watu wa kukutana njiani tu, wasingependana wala kutafutana. Claudia anajibu kwamba hawalazimiki kupendana. Wao ni ndugu. Wahakiki wengi hulipenda jibu hilo, na kweli lina uzito. Lakini tazama nani analitoa: ni yule mwenye tiketi ya kurudi. Kesho yake atakuwa angani. Anayeambiwa kwamba undugu unatosha bila mapenzi ndiye anayeishi jirani na wazazi, ambaye Ijumaa, na Jumatatu, na mwezi ujao, undugu huo utamgongea mlango.

Wala Foster hakai naye. Anamrudisha Claudia kwenye ndege, Leo anatokea kwenye kiti cha pembeni, na tunaagwa kwa mapenzi mapya ya aliyeondoka. Naiheshimu sana filamu hii kwa kutoiponya familia kwa lazima: hakuna anayelia magotini, hakuna msamaha wa jumla. Nalalamikia kitu kimoja tu, kwamba ilifungua mlango wa Joanne ikachungulia na kupita.

Miaka minane baadaye Peter Hedges aliukaribia mlango huohuo. Pieces of April ya 2003 inamhusu April (Katie Holmes), binti mtundu aliyekimbilia New York, anayejaribu kuwapikia jamaa zake Sikukuu ya Shukrani wakati jiko lake limeharibika, akibisha hodi kwa majirani kuomba tanuri. Familia iko njiani ndani ya gari. Mama yao Joy ana saratani ya matiti, na Patricia Clarkson alimcheza kwa namna iliyomfikisha kwenye orodha ya wagombea wa Oscar. Humo garini yumo Beth, binti mtiifu, anayefanya kila awezalo mama afurahi. Joy anajitahidi kutafuta kumbukumbu moja nzuri ya April, hatimaye anaipata, uso unang'aa, anaisimulia. Beth anamsahihisha: aliyekuwa kwenye kumbukumbu hiyo ni yeye. Sijaona katika filamu nyingine pigo lililotua kwa upole na kuumiza kiasi hicho. Mtoto amebaki, ameuguza, amenyenyekea, na hata tukio lake mwenyewe la utotoni limegawiwa aliyeondoka.

Hedges alilijua jambo hili kitambo. Ndiye aliyeandika What's Eating Gilbert Grape, riwaya kisha filamu ya 1993, kuhusu kijana wa Iowa asiyeweza kuondoka kwa sababu ya mama yake na ndugu yake mwenye ulemavu wa akili. Na kabla ya sinema zote, Injili ya Luka sura ya 15 inamwacha kaka mkubwa amesimama nje, anasikia ngoma za karamu ya mdogo wake, analalamika kwamba yeye hakuwahi kuchinjiwa hata mbuzi. Baba anatoka kumbembeleza. Hatuambiwi kama aliingia.

Wasomaji wetu hawahitaji kwenda Baltimore kumtafuta mtu huyu. Mwezi huu mabasi ya kutoka Mbezi yatajaa watu wa Rombo, Marangu na Machame. Kwa desturi ya Wachagga, kitindamimba wa kiume ndiye abakiye kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba na kuwatunza wazee. Yeye na mkewe ndio wanaokata majani ya ng'ombe, wanaompeleka mama kliniki ya presha, wanaoamka usiku mzee akikohoa. Wageni wakishafika, na mbuzi akishachinjwa, kinaitishwa kikao cha familia, na swali la kwanza huelekezwa kwake: fedha tulizotuma zimekwenda wapi? Upande wa Kenya, kwa wanaotoka Nairobi kwenda Kakamega au Kisii, kikao hicho hakitakuwa kigeni. Ucheshi upo hapo, tena mwingi, na machungu yake yako papo hapo. Waandishi wetu wa skripti hawana haja ya kumwazima bata mzinga.

Baadhi ya wenzangu hapa jaridani hawakubaliani nami. Wanasema anayebaki naye hutawala: hushika funguo, huamua nani aambiwe nini kuhusu ugonjwa wa baba, na huwahesabia wengine deni lisilolipika. Wananikumbusha pia kwamba aliyemdhalilisha Tommy mbele ya wazazi wake ni Joanne huyohuyo ninayemtetea. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu namtaka awe mhusika mkuu. Mtakatifu wa kuhurumiwa hatoshi kubeba filamu ya saa moja na nusu. Mwanamke aliyechoka, anayependa wazazi wake, anayewaonea wivu ndugu zake, anayejua kuumiza na anayejua mahali dawa za mama zilipowekwa, huyo anaibeba.