Mashine Nyingi Ndani ya Moja: Hoja ya Kufundisha kwa Amri za Maneno

Shule nyingi za msingi hupata kompyuta kwa msaada au kwa michango ya wazazi, na kwa kawaida kompyuta hizo huwa chache kuliko madarasa. Mwalimu mpya huhesabu wanafunzi, huhesabu mashine, kisha hukata tamaa. Maoni yetu ni kwamba hesabu hiyo haikuanzia mahali pake. Kompyuta moja yenye nguvu, ikitumiwa kama seva ya Linux na kuondolewa mapambo ya skrini, yaweza kugawanywa ikawa mashine kumi au zaidi, na kila kikundi cha wanafunzi kikapata yake. Tena twashikilia kwamba mwanachuo wa ualimu ajifunze kuiendesha seva hiyo kwa amri za kuandika, wala asingoje picha za kubofya. Twajua wapo wenzetu wasioafiki. Kwa hiyo tutaeleza sababu zetu moja baada ya nyingine.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mashine pepe ni kompyuta isiyoshikika kwa mkono. Ni sehemu ya kumbukumbu, ya prosesa na ya diski ya kompyuta halisi iliyotengwa na kuendeshwa kana kwamba ni kompyuta kamili, yenye mfumo endeshi wake. Mfano ulio karibu nasi ni nyumba ya kupanga. Paa ni moja na mwenye nyumba ni mmoja, lakini kila mpangaji ana chumba chake, ufunguo wake na mambo yake. Mpangaji akivunja kiti chake, jirani hapati hasara.

Wazo hili si geni, na chimbuko lake lina funzo kwetu. Katika miaka ya 1960, watafiti wa kampuni ya IBM huko Cambridge, Massachusetts, walitafuta njia ya kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja, maana kompyuta za wakati ule zilikuwa ghali mno. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wa VM/370, ambao kila mtumiaji wake alijiona ana mashine nzima. Basi mashine pepe zilizaliwa kutokana na uhaba, na uhaba ndio hali ya shule zetu. Baadaye, Linus Torvalds wa Finland alianzisha Linux mwaka 1991. Prosesa za Intel na AMD zikapewa uwezo wa kubeba mashine pepe mwaka 2005 na 2006. Na mwezi wa Februari 2007 programu ya KVM, iliyoanzishwa na Avi Kivity, ikaingizwa ndani ya kiini cha Linux. Tangu hapo, mwenye kompyuta inayofaa hahitaji kununua kitu kingine.

Sababu yetu ya kwanza ni ya hesabu, na mwanachuo aweza kuipiga mwenyewe. Tuchukue seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Mashine pepe isiyo na eneokazi, yaani isiyo na ile picha ya meza yenye madirisha na vibonye, huridhika na gigabaiti 1 kwa kazi za darasani. Tukigawa mashine 12, tumetumia gigabaiti 12, na 4 zimebaki kwa seva yenyewe. Mashine yenye eneokazi huhitaji walau gigabaiti 2. Mashine 12 za namna hiyo zingetaka gigabaiti 24, ambazo hatuna. Kwa maneno mengine, picha za skrini zingewanyang'anya mashine nusu ya vikundi vyetu. Na seva yenyewe ikiwekewa eneokazi, nayo itakula sehemu ya kumbukumbu kwa ajili ya picha ambazo hakuna mtu anayezitazama.

Sababu ya pili yahusu mbinu za kufundisha, nasi twaiona kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Amri ya maneno huandikika ubaoni. Mwanafunzi huinakili daftarini, huisoma kwa sauti, huichapa, na mwalimu huisahihisha kama anavyosahihisha hesabu au imla. Kubofya hakuandikiki. Mwalimu anayesema "bofya pale juu, kando ya kile kinachofanana na gurudumu" hafundishi jambo litakalodumu; toleo jipya likija, gurudumu huhamishwa, na somo likafa. Amri ya "virsh list --all", ambayo huorodhesha mashine pepe zote, na "virsh start", ambayo huiwasha ile iliyotajwa, zimekaa kwa miaka mingi bila kubadilika. Andalio la somo lililoandikwa kwa amri hizo laweza kurithiwa na mwalimu ajaye.

Sababu ya tatu ni ya umbali. Kwa kuwa amri ni herufi tupu, hupita katika mtandao dhaifu kwa urahisi. Kwa programu ya SSH, mwalimu aliye na kompyuta kuukuu, au hata simu, aweza kuingia katika seva, akaangalia hali yake na kuizima au kuiwasha mashine ya kikundi fulani. Kompyuta kongwe zilizotupwa stoo hupata kazi tena, maana hazitakiwi kufanya jambo ila kupokea herufi za mwanafunzi na kuonyesha majibu ya seva.

Sababu ya nne ni uhuru wa kukosea. Katika shule nyingi kompyuta hufungiwa ofisini kwa hofu kwamba watoto wataiharibu, na mtoto asiyeruhusiwa kugusa hawezi kujifunza. Mashine pepe yaondoa hofu hiyo. Kabla ya somo mwalimu huhifadhi hali yake kwa amri kama "virsh snapshot-create-as darasa1 safi". Kikundi kikifuta faili zote, somo likiisha mwalimu huandika "virsh snapshot-revert darasa1 safi", na mashine hurudi ilivyokuwa. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kurudia kosa ndiko kosa. Hapa mtoto hupewa nafasi ya kutenda kosa, kulitafakari, na kuanza upya bila kuadhibiwa na bila shule kupata hasara.

Sasa tugeukie pingamizi. Baadhi ya wenzetu husema kwamba mtoto hujifunza kutoka katika vitu vinavyoonekana kuelekea katika mambo ya kufikirika, na kwamba amri tupu ni kinyume cha kanuni hiyo. Kanuni hiyo twaiheshimu. Lakini picha ya skrini si kitu halisi; ni mchoro wa faili, kama vile neno "faili" lilivyo jina lake. Kitu halisi mwalimu atakileta mwenyewe: maboksi sita ndani ya boksi moja kubwa, kila boksi na jina lake na vijiwe vinavyowakilisha gigabaiti zake. Watoto wakigawana vijiwe mpaka viishe, watakuwa wamekwisha kuelewa jambo ambalo hakuna dirisha la skrini lingewaeleza.

Wengine husema kwamba amri zimetokana na Kiingereza, na zitawalemea watoto wa darasa la tano au la sita. Hoja hii ni nzito. Hata hivyo, amri zinazohitajika kwa kuanzia hazifiki kumi, na kila moja hutumika kama alama, mfano wa alama za kujumlisha na kutoa, ambazo mtoto huzijua kwa kazi zake. Maelezo yote yatolewe kwa Kiswahili. Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu, kwani baadhi ya maneno hupotosha. Amri ya "virsh destroy" haifuti mashine. Ni sawa na kuchomoa waya wa umeme, na mashine yaweza kuwashwa tena. Amri ya "virsh undefine" ndiyo inayoondoa usajili wa mashine. Kwa kuzima kwa utaratibu hutumika "virsh shutdown". Mwalimu asiyefahamu tofauti hizi atawatia watoto hofu isiyo na sababu, au atapoteza kazi yao.

Ipo mitego miwili mingine ambayo wanaoanza hukutana nayo. Wa kwanza ni orodha tupu: mtumiaji wa kawaida akiandika "virsh list --all" huenda asione mashine yoyote ingawa zipo, kwa sababu anatazama rafu yake binafsi, si rafu ya seva nzima. Aandike "virsh -c qemu:///system list --all". Wa pili ni mashine bubu. Mtu hufungua mashine kwa "virsh console", na skrini haisemi neno. Mara nyingi mashine ni nzima, ila haikuambiwa ipeleke maneno yake kwenye njia ya mfululizo. Dawa ni kuiagiza tangu siku ya kuiunda kwa "virt-install": kuweka "--graphics none", na kupitia "--location" na "--extra-args" kuipa neno "console=ttyS0". Kutoka katika konsoli hiyo hubonyezwa kibonye cha Ctrl pamoja na mabano mraba ya kufungia.

Wala hatusemi kwamba njia hii haina udhaifu. Nyumba ikiungua, wapangaji wote hukosa makao. Vivyo hivyo seva ikifa, mashine zote hufa pamoja nayo. Kwa hiyo nakala za kazi ziwekwe katika diski nyingine, nje ya seva, maana hali iliyohifadhiwa ndani ya diski ileile si nakala ya akiba. Betri ya kuipa seva dakika chache za kuzimika kwa utaratibu umeme ukatikapo ni ya lazima. Pia watoto wanaojifunza kuchora au kupiga chapa barua watahitaji eneokazi. Wapewe katika kompyuta iliyo mbele yao, lakini seva iachwe ifanye kazi yake.

Kwa wanachuo watakaokwenda mazoezi ya kufundisha, twapendekeza mfululizo wa vipindi vinne. Kipindi cha kwanza kiwe cha maboksi na vijiwe, bila kompyuta. Cha pili, mwalimu aandike amri tatu ubaoni, watoto wabashiri kila moja itafanya nini, kisha mmoja azichape mbele ya wenzake. Cha tatu, kila kikundi kiingie katika mashine yake, kiunde faili na kuandika humo majina ya wanakikundi. Cha nne, kiharibu kwa makusudi, kieleze kwa maandishi kilichotokea, na mwalimu airudishe mashine mbele ya macho yao. Upimaji utokane na maelezo hayo ya maandishi, usitokane na kasi ya vidole.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwenyewe ni majuma machache ya kujifunza amri zisizo na picha, na kinachopatikana ni darasa ambalo kila kikundi kina mashine, na mwalimu asiyelazimika kumngoja fundi kutoka mjini kila mara skrini inaponyamaza. Mwanachuo anayehitimu akijua kubofya tu atafika shuleni, ataikuta seva imefunikwa kitambaa ofisini, naye ataiacha vivyo hivyo. Twaviomba vyuo vyetu vizingatie jambo hili wakati wa kupanga vipindi vya maabara: angalau seva moja isiwe na eneokazi, na kila mwanachuo aunde, aharibu na kurejesha mashine pepe moja kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kupangiwa kituo cha kazi.