Masika iwe muhula wa watu wa hoteli

KAZI NA WATU
Na Zainabu Mfinanga

Mvua za masika zinapokolea, Aprili hivi, kambi nyingi za hifadhini hufungwa. Njia za udongo mweusi hazipitiki, wageni wanaadimika, na wafanyakazi wanarudishwa makwao. Wapo wanaoondoka na likizo yenye malipo, na wapo wanaoambiwa tu wasubiri simu. Mpishi anarudi Karatu, mhudumu wa baa anarudi Moshi, mtandika vitanda anarudi Iringa, na mpaka Juni inakaribia hawana zamu wala sare ya kupiga pasi.

Sasa tazama kalenda ya vyuo. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Septemba au Oktoba. Septemba nyumbu bado wanavuka Mto Mara, vyumba vimejaa, na hakuna meneja atakayemruhusu mpishi wake mzoefu aende darasani. Kalenda hii imepangwa kwa ajili ya kijana aliyemaliza shule juzi, ambaye muda wake wote ni wa masomo. Kijana huyo ana haki yake, simnyang'anyi. Lakini tasnia ya utalii imejaa watu wazima wanaojua kazi na hawana cheti, na muda pekee wanaoweza kusoma ni ule ambao vyuo havikuuwekea kitu chochote kwa ajili yao. Naomba vyuo vya hoteli na utalii, vya Serikali na vya binafsi, vifungue muhula wa masika kwa walio kazini: Aprili na Mei darasani, miezi mingine kazini, masika yanayofuata wanarudi pale walipoishia, hadi stashahada.

Mama mmoja ninayemfahamu alilazimika kuacha kazi kabisa ili asome. Ana miaka arobaini na ushei, amepika kwenye kambi za Serengeti na Tarangire, ameanzia kuosha vyombo hadi kusimamia jiko, na sasa anasomea uendeshaji wa hoteli mjini Arusha. Darasani wenzake wanamwita mama. Mwalimu wake, ambaye angeweza kuwa mwanawe, humwamkia shikamoo asubuhi kabla ya kuanza kipindi. Naye huitikia marahaba, kisha anafungua daftari kama wenzake. Aibu ya kufundishwa na mdogo wako, ambayo watu wazima wengi huiogopa hadi wakaahirisha chuo mwaka baada ya mwaka, kwake iliisha mapema sana.

Kilichomtoa jasho ni hesabu. Viungo vya sahani moja vikigharimu shilingi 7,000 na sahani ikauzwa shilingi 20,000, gharama ya chakula ni asilimia 35. Hapo kabla alikuwa anapima kwa jicho, na jicho lake lilikuwa zuri: alijua nyama ikiletwa pungufu, alijua nyanya zipi zitaoza kabla ya Ijumaa. Ila hakuwahi kuliandika jambo hilo kwa namna ambayo mwenye kambi angelisoma. Leo anaweza kukuonyesha kwa karatasi hasara ya kupikia wageni 12 bufee yenye vipimo vya wageni 30, na anaweza kusema imepotea kiasi gani kwa mwezi. Alikuwa anajua kwamba wali wa jana una hatari. Sasa anajua kuwa vijidudu huzaliana kwa kasi chakula kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi, na kwa hiyo anadai kipimajoto mahali ambapo zamani angenusa tu. Vyumba 40 vikiwa na wageni katika 26, anakwambia asilimia 65 bila kushika kalamu. Nilimsikiliza akiyaeleza haya na nikaona fahari ya mtu ambaye kazi yake ya miaka mingi hatimaye imepata maneno yake.

Na darasa nalo linafaidika. Jiko la chuo lina oveni ya umeme. Mama huyu ameoka mikate porini ndani ya sanduku la chuma, makaa chini na makaa juu, akijua kwa joto la mkono lini afunue. Vijana wanaotarajia kwenda fildi kwenye kambi za mahema wanamzunguka wakati wa mapumziko kumuuliza: gesi ikiisha katikati ya chakula cha usiku unafanyaje, mgeni mwenye mzio wa karanga unamlindaje kwenye jiko dogo lenye meza moja, ugomvi wa wapishi wawili unauzima vipi kabla haujafika mezani kwa wageni. Hayo walimu wake wenyewe wanakiri kwamba hayamo kwenye mtaala.

Ila tazama alivyopokelewa mlangoni. Sifa ya kawaida ya kuingia ngazi ya cheti katika vyuo vya ufundi ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ukiacha ya dini. Mtu aliyesimamia jiko la wageni 60 anaulizwa alipata nini katika mtihani aliofanya akiwa na miaka 17. Siukatai mtihani huo. Nauliza kwa nini uwe ndio ushahidi wa kwanza, na mara nyingine wa pekee, kuhusu mtu ambaye tangu hapo amefanya kazi kwa zaidi ya nusu ya umri wake.

Njia ya kupima ujuzi wa namna hiyo tunayo tayari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ulioanza kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani, na upishi na uhudumu wa chakula ni miongoni mwa fani zake. Mtu anapimwa kwa vitendo, anaonyesha anachokijua, anapewa cheti. Ni utaratibu mzuri, nao unastahili kufika mbali zaidi ya hapo. Baraza la NACTVET, ambalo sasa linasimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi kwa pamoja, lina nafasi ya kuunganisha ngazi hizi mbili ili mpishi aliyetambuliwa na VETA aendelee moja kwa moja hadi stashahada ya uendeshaji, na asirudishwe kufundishwa kukata vitunguu.

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.5, mwaka 2020 korona iliwashusha hadi karibu 620,000, mwaka 2024 walipita milioni 2.1. Hoteli zinajengwa, na kila hoteli inahitaji meneja wa vyumba, meneja wa chakula na vinywaji, mhasibu wa stoo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mtaalamu kutoka nje awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Mpango huo lazima uwe na mtu. Nina hofu kwamba katika kambi nyingi mrithi anayefaa kweli yuko palepale jikoni au mapokezi, anajulikana kwa kila mtu, na anarukwa kwa sababu karatasi zake haziwezi kuambatanishwa kwenye fomu. Mgeni anaongezewa muda, na yule aliyemfundisha mgeni huyo njia za hifadhi na tabia za wateja anabaki alipokuwa.

Fedha nazo zina mahali pa kuanzia. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inayokokotolewa kwenye mishahara. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Mshahara wa mama yule umekokotolewa humo kwa miaka yote aliyokuwa kambini. Alipotaka kusoma, aliuza shamba dogo la urithi. Sehemu ya tozo hiyo ikitengwa kulipia ada za masika za walio kazini, itakuwa imewarudia wenyewe.

Najua wenye hoteli watasema wanaogopa kumsomesha mtu kisha akahamia kwa jirani. Hofu hiyo naielewa, na inatatuliwa kwa mkataba wa maandishi unaosema atatumikia muda gani baada ya kuhitimu na mshahara wake utapanda kiasi gani. Hilo la pili ndilo husahaulika. Anayehitimu na kurudishwa kwenye cheo kilekile kwa malipo yaleyale ataondoka, na sitamlaumu. Ugumu mkubwa zaidi nauona kwa walimu wa vyuo, ambao Aprili na Mei tayari wana wanafunzi wao wa kawaida. Watahitajika walimu wa muda, na hapo mameneja ambao nao kambi zao zimefungwa wanaweza kualikwa kufundisha. Mabweni je? Wengi wa wanafunzi hawa ni wazazi. Mama aliyekaa mbali na watoto wake msimu mzima hawezi kuambiwa akalale bwenini miezi miwili mingine. Darasa lisogezwe Karatu, Mto wa Mbu, Iringa mjini, kwenye kumbi za hoteli ambazo masika ziko wazi.

Nchi hii imewahi kufikiri hivi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 waraka wa Waziri Mkuu ukaelekeza sehemu za kazi ziwe na masomo kwa wafanyakazi wake. Watu walisoma viwandani, wengine chini ya miembe, wakitoka zamu. Hawakungoja Septemba.

Kwa msomaji aliye kambini sasa hivi na anayefikiria chuo: usisubiri muhula huo utangazwe. Kabla hujashuka mjini, muombe meneja wako barua inayoeleza umefanya kazi gani, kwa miaka mingapi na kwa cheo gani, ikiwa na muhuri. Ukifika, nenda ofisi ya VETA ya mkoa wako, uliza tarehe za kupimwa ujuzi kwa fani yako na gharama zake. Cheti chako cha kidato cha nne, hata kama matokeo yake yanakusononesha, nenda nacho. Na ukifika chuoni ukaambiwa umechelewa kwa umri, uliza jina la kanuni inayosema hivyo, uandikiwe, kisha unitumie nakala hapa gazetini.